Akili Mnemba na Mwinjilisti wa Mtaa

Wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, wa Kayanga na Omurushaka, wa Nkwenda na Kaisho, hadi kule Murongo mnakotazamana na Uganda ng'ambo ya mto Kagera, leo tuzungumze juu ya akili mnemba na kanisa, na hasa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ambalo huku kwetu lina shule, lina hospitali, lina mashamba, na lina mitaa iliyotawanyika milima yote hii. Wako wanaosema kanisa likumbatie ubunifu na mashine hizi mpya bila kuchelewa. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, lakini wengi wao wanaanzia mahali ambapo mimi nisingeanzia.

Nianze na mtu ambaye katika mijadala hii hatajwi, mwinjilisti wa mtaa. Anayelijua Kanisa la Kilutheri kwa kuliona mjini hudhani kila Jumapili mimbarani husimama mchungaji. Huku sivyo. Usharika mmoja una mitaa kadhaa, mchungaji ni mmoja, milima ni mingi, na mvua za masika zikikolea hata pikipiki haipiti. Kwa hiyo Jumapili nyingi, katika mitaa mingi, anayehubiri ni mwinjilisti. Ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara. Ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane mgonjwa akizidiwa. Posho yake ni ndogo, naye analima migomba na kahawa kama jirani yake yeyote. Mchungaji akija, anabatiza na kugawa Chakula cha Bwana, kisha anakwenda mtaa mwingine. Wiki zinazobaki ni za mwinjilisti.

Sasa mtazame mtu huyu Jumamosi jioni. Ana Biblia, ana kalenda ya kanisa inayomwonyesha somo la kesho, labda ana na daftari la zamani la chuo cha Biblia. Ametoka shambani, au ametoka msibani. Na simu iliyo mkononi mwake, ikiwa ni ile ya kupangusa na ina bando, inaweza kumwandikia mahubiri mazima kabla chai haijapoa. Aandike tu: nipe mahubiri ya Luka 15, dakika ishirini, kwa Kiswahili. Atapata utangulizi, hoja tatu na sala ya kufungia. Kwa nini kesho asisimame akayasoma yalivyo?

Swali hili si la kubuni. Wajerumani wameshalijaribu mbele ya macho ya watu. Mwezi Juni mwaka 2023, katika mji wa Fürth, wakati wa mkutano mkubwa wa Waprotestanti wa Ujerumani, ilifanyika ibada ndani ya kanisa la Mtakatifu Paulo ambayo karibu yote iliandaliwa na programu ya ChatGPT. Mwanateolojia Jonas Simmerlein wa Chuo Kikuu cha Vienna ndiye aliyeisimamia. Zaidi ya watu 300 walijaza kanisa. Mbele, juu ya madhabahu, kulikuwa na skrini kubwa, na ndani yake sura za watu wasiokuwepo duniani zikasali, zikahubiri, zikabariki, kwa muda wa dakika kama arobaini. Baadhi ya waliohudhuria walivutiwa. Wengine walisema wazi kwamba hapakuwa na moyo wala roho, na ilipofika mahali mashine ikawahimiza watu wasali na waende kanisani, kwa uso ule usiobadilika, watu wakacheka. Simmerlein mwenyewe alieleza kwamba hakusudii kuwaondoa wachungaji, bali mashine iwasaidie katika kazi zao za kila siku.

Ninapolitafakari jambo hilo nikiwa Karagwe, hoja ya kwanza inayonijia inatoka katika historia ya huku. Miaka ya 1930 uamsho ulianzia Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, ukaingia Kagera. Uliletwa na watu waliotembea kwa miguu, wakisimama kwenye nyumba za watu na kueleza walichokuwa zamani na walichofanyiwa. Mpaka leo mzee wa uamsho akimsikiliza mhubiri mgeni, anatafuta jambo moja: mtu huyu ana ushuhuda? Amewahi kuungama? Amewahi kumrudia jirani aliyemkosea na kumwomba msamaha? Mashine inaweza kukueleza vizuri sana kisa cha mwana mpotevu, lakini haijawahi kupotea na haijawahi kupokelewa. Msikilizaji wa Bugene au Mabira analitambua hilo kwenye benchi alipoketi, hata kama hajui mahubiri yametoka wapi.

Hoja ya pili imo ndani ya misingi ya Walutheri wenyewe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu chake cha 14, linasema kwamba asiyeitwa kwa utaratibu uliowekwa asifundishe hadharani kanisani wala asitoe sakramenti. Kifungu kifupi mno, na kwa miaka mingi kilisomwa kama jambo la kupanga madaraka tu. Kwa hali ya leo kina uzito mpya. Mwinjilisti ameitwa, na waliomwita wanamjua. Akifundisha upotofu, wazee wa kanisa watamkalisha chini, mchungaji ataarifiwa, mkuu wa jimbo ataingia. Akimtukana mjane mimbarani, mjane ana pa kwenda kulalamika. Mashine ikikosea, na hukosea, tena kwa sauti ya kujiamini, ikikupa aya isiyokuwepo kwenye Biblia au kauli ambayo Luther hakuitoa, utamwita nani mbele ya baraza la wazee? Kwa hiyo anayesimama mimbarani lazima ayamiliki maneno yake yote, hata kama sehemu ya maandalizi alisaidiwa. Aliyesoma maandishi ya mashine bila kuyapima ameacha wajibu aliokabidhiwa, na namwambia hivyo kwa upendo, maana najua amechoka.

Na kwa kuwa amechoka, hatutamsaidia kwa kumkataza tu.

Tazameni kazi nyingine zinazokula siku zake. Kuna taarifa za mtaa: wangapi wamebatizwa, wangapi wamepata kipaimara, ndoa ngapi, vifo vingapi, sadaka kiasi gani, ahadi kiasi gani. Zinaandikwa kwa mkono, zinapelekwa usharikani, zinajumlishwa upya, zinapanda jimboni, kisha makao makuu ya dayosisi Lukajange. Kila hatua kuna mtu anakokotoa, na kila anayekokotoa anaweza kuruka mstari. Kuna barua kwa washirika wa nje. Dayosisi ya Karagwe, iliyozaliwa mwaka 1979 kutoka Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ni mwanachama wa UEM, umoja wa misheni wenye makao Wuppertal nchini Ujerumani, na barua za huko zinataka Kiingereza kilichonyooka. Kwa hiyo mara nyingi anayeonekana ana mradi mzuri ni yule anayejua kuuandika. Mwinjilisti aliyechimba kisima pamoja na akina mama wa mtaa wake, lakini hana Kiingereza, anabaki nyuma ya yule mwenye Kiingereza ambaye hajachimba kitu. Hapa akili mnemba inaweza kuleta haki. Asimulie kwa Kiswahili, mashine itafsiri, mwingine ahakiki. Iingie na kwenye zile taarifa ijumlishe. Saa anazozipata hapo zirudi kwa wagonjwa na kwa vijana.

Jambo la kuzingatia ni hilo la saa kwenda wapi. Ofisi ikipata mashine na mwinjilisti akaongezewa mitaa miwili kwa sababu sasa kazi ni rahisi, hatutakuwa tumemsaidia mtu.

Kuna kazi nyingine ambayo ningependa kuiona ikifanywa na kanisa hili, nayo inagusa migomba. Mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na miaka michache baadaye ukafika Kagera. Wote mnakumbuka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, ukikata ndani ni nyeusi, shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Kuna nyumba zilizoshiba kwa vizazi ambazo zilianza kununua unga. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za Bioversity na CIAT walitoa programu ya simu waliyoiita Tumaini. Unapiga picha ya jani au ya tunda lenye dalili, inalinganisha na maelfu ya picha ilizofundishwa, kisha inakuambia ugonjwa inaoushuku. Hiyo ni akili mnemba, wala haina ubishi wa kiteolojia. Haiponyi mgomba, na hilo lisemwe wazi. Dawa ya mnyauko bado ni ile ya kung'oa au kukata ulioathirika, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga. Lakini ugonjwa ukitambuliwa mapema shamba linaokolewa. Ni nani anayefika kwenye mashamba mengi kuliko bwana shamba? Mwinjilisti. Anakwenda kusali na familia, anapita chini ya migomba yao. Huduma ya diakonia haijawahi kutenganisha roho na tumbo, ndiyo maana Walutheri walijenga Hospitali ya Nyakahanga, iliyotumika kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya.

Sasa niingie kwenye lugha, ambako moyo wangu uko zaidi.

Mashine hizi zinajua Kiingereza kwa sababu Kiingereza kimeandikwa kwa wingi. Kiswahili zinakijua kwa kiasi, na kinazidi kuboreka. Runyambo je? Runyambo ni lugha ya bibi anayesali kitandani Nyaishozi, lugha ya mzee anayepatanisha ndugu wanaogombea shamba Ihembe. Maandishi yake ni machache. Profesa Josephat Rugemalira, mwanaisimu wetu, alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu juu ya vitenzi vya Runyambo na kuumaliza mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na baadaye akaandika sarufi na msamiati wa lugha hiyo. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini mashine inayojifunza kwa kumeza maandishi haiwezi kushiba kwa vitabu vichache. Matokeo yake, kijana akiiuliza kwa Runyambo inajibu kwa mchanganyiko wa Ruhaya, Runyankore na kubahatisha. Kanisa likianza kutegemea mashine bila kulifikiria hili, litaanza kuzungumza Kiswahili cha kompyuta kwa wazee ambao Mungu wao wanamwita kwa Runyambo.

Na kanisa lenyewe lina hazina ambayo kampuni za mbali hazina. Lina mahubiri yanayotolewa kila Jumapili kwa lugha ya watu. Lina nyimbo, sala za mazishi, mafundisho ya kipaimara, mashauri ya ndoa yanayotolewa sebuleni. Mwinjilisti mwenye simu ya kawaida anaweza kurekodi mahubiri yake, kwa ridhaa ya mtaa, na ndani ya miaka michache dayosisi ikawa na maktaba ya sauti za Runyambo ambayo haipo popote duniani. Hapo mwanafunzi wa kompyuta aliyezaliwa Kyerwa atapata kitu cha kufundishia mashine. Nasema kazi hii ni ya Kilutheri kabisa. Luther alikaa chini akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani likachapwa mwaka 1522, ili mama wa nyumbani asikie. Karl Roehl, mmisionari wa Bethel, alikaa miaka mingi na wasaidizi wake Waafrika hadi Biblia yao ya Kiswahili ikatoka mwaka 1937.

Nikitaja uchapaji, huwa tunasifu tu kwamba mtambo ule ulimsaidia Luther. Tunasahau kwamba mitambo ya kwanza ya Mainz, mwaka 1454 na 1455, ilichapa pia vyeti vya msamaha wa dhambi vilivyouzwa kwa fedha, biashara ileile ambayo Luther aliipinga mwaka 1517. Mtambo ulichapa vyote viwili kwa wino uleule. Akili mnemba nayo itaandika mahubiri ya toba kwa mwenye nia njema, na itamwandikia tapeli maneno matamu ya kuuza maji na mafuta ya miujiza. Waumini wa huku wameshachoka kuuziwa.

Utapeli wenyewe tunaujua. Nani kati yetu hajawahi kupata ule ujumbe wa ile hela itume kwenye namba hii? Zamani ulikuwa maandishi ya kubahatisha. Leo sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa sekunde chache za rekodi. Askofu Benson Bagonza, ambaye ameiongoza Dayosisi ya Karagwe kwa miaka mingi, maandiko yake juu ya mambo ya kanisa na ya nchi husambaa kutoka simu hadi simu Tanzania nzima. Mtu mbaya akitaka kuzua kauli akaipachika jina la kiongozi wa namna hiyo, leo hahitaji hata kuwa mwandishi mzuri. Kwa hiyo ningeomba sharika zote ziweke utaratibu rahisi: michango ipokelewe kwenye namba moja iliyosajiliwa kwa jina la usharika na kutangazwa ibadani, na tamko la kiongozi lithibitishwe ofisini kabla ya kusambazwa. Mtunza hazina asitume senti kwa sababu amesikia sauti ya mchungaji kwenye simu.

Pia kuna siri za watu. Mwinjilisti anaelezwa mambo mazito: binti aliyebakwa, mume mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajamwambia mkewe, kijana anayewaza kujiua. Akiwa hana wa kumwuliza, ni rahisi aandike kisa kizima kwenye simu, na majina, akiomba ushauri. Asifanye hivyo kamwe. Maneno yale yanakwenda kuhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni zilizo mbali sana na hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za imani ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hata sheria isingekuwepo, aliyekueleza alikueleza wewe. Jambo likikuzidi, lipeleke kwa mchungaji wako, au kwa mganga wa Nyakahanga, mtu mwenye kiapo.

Nimalizie na kisa cha redio, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba ya Kilutheri ya nchi hii yalipoungana kuwa kanisa moja, Shirikisho la Walutheri Duniani lilizindua kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa. Ilikuwa teknolojia ya juu kwa wakati wake. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, vikarekodiwa kwenye kanda, kanda zikapelekwa Addis, na mitambo ya masafa mafupi ikavirusha hadi vikasikika kote Afrika Mashariki. Walutheri wakazoea. Kisha mwezi Machi mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kituo kile. Studio ya Moshi ilikuwa na watangazaji, ina kanda, ina wasikilizaji, lakini mlingoti haukuwa wao. Miezi mitatu baadaye, Juni, shirikisho hilohilo lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye wakati huo Karagwe ilikuwa ndani ya dayosisi yake, kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Na watu wa Moshi hawakukata tamaa. Radio Sauti ya Injili ipo hewani hadi leo, kwa masafa yake yenyewe.

Mashine za leo nazo ziko kwenye milingoti ya wenyewe. Bei yao ni kwa dola, masharti yao hubadilika bila kutuuliza, na siku wakiamua kufunga huduma kwa Tanzania, watafunga. Ndiyo sababu nasema rekodi za Runyambo zikae Lukajange, kwenye diski zetu. Madaftari ya ubatizo yanakiliwe kwenye kompyuta, lakini yale ya karatasi yasichomwe. Na kijana wa shule ya sekondari ya kanisa, huko Karagwe Sekondari na kwingineko, afundishwe jinsi mashine hii inavyotengenezwa, asiishie kuitumia.

Kuhusu pa kuanzia: dayosisi ichague wainjilisti wawili kutoka kila jimbo, mmoja wao awe mwanamke, mmoja awe wa mtaa wa mbali kabisa usio na mtandao wa uhakika. Wapewe simu nzuri na mafunzo ya wiki mbili, na mwalimu akae nao hadi wajue kuhakiki kila aya ambayo mashine imewapa. Baada ya mwaka, waulizwe wao na waulizwe waumini wao, kwa Runyambo, kama wagonjwa wametembelewa zaidi au pungufu. Jibu hilo lisomwe kwenye mkutano mkuu kabla dayosisi haijanunua kitu kingine chochote.

Simu za studio ziko wazi sasa. Naomba nianze na wainjilisti wa Kyerwa, mliopo upande wa Murongo, Bugomora na Kibingo, kwa sababu mtandao wenu hukatika mapema. Wazee wa kanisa na wachungaji nitawapokea baada yao. Mpigaji wetu wa kwanza, karibu, tunakusikia.